Mlima Aliopita Radjabu Tineli

Katika mtaa wa Waswahili wa Gitega kuna watu waliohiji Makka, kuna waliosoma mpaka macho yakachoka, na kuna hata mmoja aliyewahi kumshinda mtoza ushuru kwenye kesi. Wote hao wakiingia mkahawa wa Abubakari huangaza macho kutafuta pa kukaa, kama wewe na mimi. Lakini kiti cha dirishani, kile chenye mto mwekundu, hakikuwa cha kugombania. Kilikuwa cha Radjabu. Na Radjabu hakuhiji, hakusoma, na kesi yake moja maishani, ya mbuzi wa jirani na majani ya mihogo yake, alishindwa. Wazee walimsikiliza yeye, wakamtazama mbuzi, wakamwamini mbuzi.

Sifa yake ilikuwa moja tu: alipita ndani ya mlima.

Si juu ya mlima. Juu ya mlima Burundi nzima inapita, hatuna pengine pa kupitia. Mtu anazaliwa kilimani, analima kilimani, anazikwa kilimani, na hata jeneza lake lazima lishikwe vizuri lisiteleze. Radjabu alipita ndani, kama funza ndani ya embe, kilomita kumi na saba bila kuona mbingu. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Radjabu Tineli, yaani wa handaki, na yeye akaitika kama aliyebatizwa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na moja. Kampuni iliyokuwa ikiuza makamyo iliwachagua madereva kumi na wawili wa Burundi, ikawapeleka Uswisi kwa staji, mafunzo ya wiki mbili. Walifundishwa breki za upepo. Kila mmoja akapewa jaketi la bluu. Siku ya mwisho wakapakiwa kwenye basi wakaonyeshwe handaki la barabara lililotobolewa chini ya milima ambayo theluji yake haijui kiangazi. Wenyeji walijivunia handaki lile kuliko walivyojivunia watoto wao, na staji nzima, tukisema kweli, ilikuwa kisingizio cha kulionyesha.

Radjabu akarudi Gitega na jaketi na hadithi. Jaketi lilichakaa baada ya miaka minne. Hadithi haikuchakaa, ilinenepa. Mwanzoni ilikuwa na barabara na taa. Kufikia mwaka wa elfu mbili ilikuwa na polisi wa barabarani, tena mwenye meza. Kisha likaongezeka soko la matunda. Ramadhani moja, watu wakiwa na njaa nyingi na imani nyingi zaidi, ukaongezeka msikiti mdogo upande wa kulia, na hakuna aliyeuliza kibla kinatafutwaje ndani ya mwamba.

"Mi nawaambia," Radjabu alikuwa akisema, huku sambusa ya bure ikipoa mkononi, "unaingia jua kali, watu wanatoka jasho. Unatembeza, unatembeza, vitesi ya tano, gia ya mwisho. Unatoka kule ng'ambo, mvua! Mvua ya kweli! Donc mlima unakata hali ya hewa katikati, kama mkate."

"Na usukani ulishika we mwenyewe?"

"Sasa nani mwingine?"

"Yoo!" watu wakaitikia, na Abubakari akamjazia kikombe. Tusiwalaumu sana. Redio iliwaahidi umeme, redio iliwaahidi mafuta ya magari, na hakuna hata kimoja kilichokuja na msikiti ndani yake.

Ukweli ulikuwa mfupi, na Radjabu aliubeba peke yake miaka thelathini na zaidi kama jiwe ndani ya kiatu. Hakushika usukani. Hakuona soko, polisi wala taa. Alilala.

Ili umwelewe, usimdharau haraka. Ngoja kidogo, nafasi ya kumdharau itakuja. Madereva wa zamani wa njia ya Dar es Salaam mpaka Kobero walitembea wawili wawili kwenye kamyo moja. Mmoja anaendesha, mwenzake analala. Na kulala huko hakukuwa uvivu, kulikuwa adabu. Ukikaa macho wakati mwenzako ameshika usukani, unamwambia mbele ya uso wake: sikuamini. Watu wamepigana ngumi kwa sababu hiyo, pale Nzega, kando ya barabara, injini zikiwaka. Basi dereva mwenye heshima zake alijifunza kuzimika papo hapo, kama taa. Akikabidhi usukani, kope zinashuka kabla mkono haujafika kwenye mlango. Miaka ikapita hivyo, mwili ukashika sheria yake: usukani ukiwa kwa mwingine, sisi hatupo.

Siku ile Uswisi, dereva wa basi, mzungu mnene mwenye sharubu, alikaa kwenye kiti, akafunga mkanda, akawasha. Kitu cha mwisho Radjabu alichokiona ni Kasiano wa Bugendana, kiti cha mbele yake, akijifunika kofia usoni. Jua lilikuwa linawaka. Halafu mtu alipiga makofi, akasema "Voilà!", na mvua ilikuwa inateremka kwenye vioo. Kichwa cha Radjabu kilikuwa kwenye bega la Gervasi wa Muyinga, na bega la jaketi la Gervasi lilikuwa limelowa, na mvua ilikuwa nje.

Radjabu akageuka. Wenzake wote walikuwa wameketi wima, wanafuta nyuso, wanatikisa vichwa kwa mshangao. "Makubwa!" mmoja akasema. "Makubwa!" mwingine akasema. Radjabu naye angefanya nini?

"Makubwa!" akasema.

Toka siku hiyo alimwogopa mtu mmoja duniani, na mtu huyo aliitwa Gervasi. Gervasi alikuwa na bega, na bega lilikuwa shahidi. Miaka yote aliyoendesha kamyo baada ya hapo, Radjabu akifika Muyinga hakusimama hata kununua ndizi. Alipita kama anayekimbiza mgonjwa. Alipostaafu, hakukanyaga tena njia ile.

Katika wale kumi na wawili, tisa walikwisha kufa, kwa maradhi, kwa vita, na mmoja kwa breki za upepo. Walibaki Radjabu wa Gitega, Gervasi wa Muyinga, na Kasiano, ambaye alikuwa amerudi Bugendana kulima maharage na kutosema na mtu.

Basi siku moja ya Ijumaa simu ikalia mkahawani. Abubakari alipokea, akasikiliza, akasimama. Alikuwa ni Mzee Jaffer wa Muyinga, muuza saruji na mabati, yule ambaye babu yake alikuja kutoka Bara Hindi na kitita cha vitambaa na hakurudi tena. Jaffer alisema kuna ofisi ya wahandisi inayopima kama handaki linaweza kutobolewa chini ya mlima wa Bugarama, ili makamyo yanayotoka Kobero kwenda Bujumbura yaache kupanda mawinguni na kuteremka yakinuka breki. Mhandisi wao angekutana na wenye makamyo Jumatano, saa nane, kwenye stoo ya Jaffer. Walihitaji mtu aliyewahi kuendesha ndani ya handaki refu la milimani. Atakayetoa ushahidi mzuri atakuwa mshauri wa madereva. Atapewa kofia ya plastiki ya njano, na kadi ya kuning'iniza shingoni, yenye picha.

Mkahawa ulilipuka. Watu walimkumbatia Radjabu kana kwamba handaki limekwisha, na limetobolewa kwa meno yake.

"Ngoja," Abubakari akasema, mkono kwenye simu. "Jaffer anasema utapata na mwenzako. Kuna muzee wao huko, Gervasi, naye alipita. Mtashuhudia pamoja."

Radjabu aliweka sambusa chini. Hilo peke yake lingewashtua watu, kama wangekuwa watu wa kushtuka.

Nyumbani alimwambia mkewe, Amisa, kwamba ana homa.

"Homa ya wapi, Baba Yasmina?"

"Ya mwili mzima."

Amisa alimwekea mkono kwenye paji la uso, akautoa kama anayetoa mkono kwenye samaki wa jana. "We huna homa. Unaogopa. Mi nilisafiri na we mara moja kwenda Bujumbura, unakumbuka? Hukumbuki, ulilala. Gari lilianguka mtaroni Muramvya, tukatolewa dirishani, we ukatolewa umelala. Mi sijawahi kukuuliza habari ya mlima wako, kweli ama si kweli?"

"Kweli."

"Bon. Basi na sasa sikuulizi. Lakini watu wamekuchangia kanzu mpya na imamu amekuombea dua. Utaenda."

Hapo ndipo Radjabu alipoliona shimo lenyewe. Asipokwenda, mtaa utauliza kwa nini. Akienda, Gervasi atafungua mdomo, na kiti cha dirishani kitakuwa cha mtu yeyote anayewahi. Mtu wa miaka sitini na sita, ambaye watoto wake wameolewa na mbuzi wa jirani amemshinda, akinyang'anywa kile kiti anabaki nani? Anabaki Radjabu. Na Radjabu mtupu, bila Tineli, hata yeye mwenyewe asingemnunulia chai.

Akapanga. Ataondoka alfajiri ya Jumatano, afike Muyinga mapema, amtafute Gervasi faraghani, ampigie magoti ikibidi. Wataelewana. Kisha saa nane watasimama pamoja kama ndugu.

Mpango ulikuwa mzuri, ila ulihitaji gari, na gari lilihitaji dereva, na dereva huyo hakuwa Radjabu. Alipanda Probox kiti cha mbele, akaaga mtaa uliomsindikiza, akapunga mkono. Dereva akawasha.

Mtu aligonga kioo. "Muzee! Shilingi? Dola? Tunabadilisha, muzee!"

Radjabu alifungua macho. Kulikuwa na msururu wa makamyo, bendera mbili, wachukuzi wenye magunia kichwani, na kijana mwenye noti mkononi kama karata.

"Hapa ni wapi?"

"Kobero, muzee. Ukivuka kale kamti ka kizuizi iko Kabanga, Tanzania. Unahama?"

Radjabu alimgeukia dereva kwa hasira yote ya kanzu mpya. "We! Mi nilikwambia Muyinga!"

"Nilikuita pale Muyinga mara tatu, muzee wangu," dereva akasema, bila chuki. "Nikakutikisa. Nikakupiga hata kikofi, unisamehe. Ukasema 'Makubwa!', ukaendelea kulala. Nikaona, bon, labda unaenda mbele."

Alirudi Muyinga juu ya pikipiki, kanzu imejaa vumbi jekundu kama matofali mabichi. Saa nane ilikuwa imekwisha pita. Hakuna faragha tena. Stoo ya Jaffer ilikuwa imejaa wenye makamyo na madereva wao, wamekaa juu ya mifuko ya saruji, na mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, mto wa kijani, alikuwa amekaa Gervasi.

Alikuwa amenenepa, amevaa suti, na alikuwa anakula sambusa ya bure. Alipomwona Radjabu mlangoni, aliacha kutafuna. Alimwangalia kama hakimu anavyomwangalia mwizi wa kuku. Ndivyo Radjabu alivyoona. Kama asingekuwa na hofu angeona vingine. Lakini hofu ina macho mabaya, na miwani haisaidii.

"Karibu, karibu Bwana Radjabu," Jaffer akasema, mzee mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza. "Tulidhani umepotea njia."

"Nilipitia Kobero kwanza. Kulikuwa na kazi kidogo."

"Kobero!" watu wakasema kwa heshima. Mtu wa kazi.

Mhandisi alikuwa msichana. Hilo liliwauma wazee wote wawili, na kwa mara ya kwanza walikubaliana jambo bila kuambizana. Aliitwa Ursula, kwao ni Gishubi, lakini alikulia Tanzania kwenye kambi ya wakimbizi, na Kiswahili chake kilinyooka kama uzi wa fundi. Alivaa buti zenye udongo halali. Kofia ya njano ilikuwa juu ya meza mbele yake, na Radjabu aliitazama kama mlevi anavyotazama chupa ya jirani.

"Wazee wangu, shikamooni," Ursula akasema. "Sitawachosha. Swali la kwanza. Mko katikati ya handaki, gari lenu linaharibika, moshi unajaa. Dereva anakimbilia wapi?"

Gervasi akafuta midomo.

"Aanze mgeni," Gervasi akasema. "Mgeni anatangulia."

"Oya, hapana," Radjabu akasema, "mwenyeji ndiye anafungua."

"Mi siwezi kumtangulia mtu aliyetoka mbali."

"Na mi siwezi kuongea kwenye nyumba ya mwenzangu kabla hajaongea."

Waliendelea hivyo kwa dakika zisizopungua kumi, na stoo nzima ilifurahi. Watu wa Burundi wanaweza kusahau njaa wakiona wazee wawili wanagawiana heshima. Wachache waliguna kwa raha. Mmoja alimwambia jirani yake: "Unaona? Hao ndio watu waliotembea."

Ursula ndiye aliyekata. "Semeni wote pamoja basi."

"Kuna mlango," Gervasi akasema, taratibu, jicho kwa Radjabu.

"Mlango, ego, ndiyo," Radjabu akasema haraka. Kumbe kulikuwa na mlango! Miaka thelathini hakuwahi kuweka mlango.

"Wa chuma au wa nini?" Ursula akauliza.

"Wa chuma," akasema Gervasi.

"Wa mbao," akasema Radjabu, kwa wakati uleule.

Wakatazamana. Jasho liliwatoka kama wamebebana.

"Samahani," Gervasi akasema. "Mwenzangu amesema kweli. Wa mbao."

"Oya, wa chuma!" Radjabu akaruka. "Nimekumbuka. Gervasi anakumbuka vizuri, alikaa dirishani."

"Mi sikukaa dirishani, we ndio ulikaa dirishani!"

"Ndiyo, ndiyo, mi ndio nilikaa dirishani. Lakini mlango ni anavyosema Gervasi."

"Anavyosema Radjabu."

Ursula alikuwa ameandika "chuma", akafuta, akaandika "mbao", akafuta, karatasi ikatoboka. "Haya, taa. Nyeupe au za njano?"

"Anavyosema mwenzangu," wakasema wote wawili, kama watoto wa madrasa.

Kiongozi wa wenye makamyo akakohoa. Jaffer akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akawatazama tena, kama muuza duka aliyepewa noti laini kupita kiasi. Radjabu akaona stoo inaanza kupoa. Akasimama, akakimbilia silaha yake ya mwisho, ile ambayo haikuwahi kumwangusha.

"Enjeniyeri, sikiliza! Unaingia jua kali..."

"...unatoka mvua!" Gervasi akadakia, uso umeng'aa.

"Mvua ya kweli!"

"Ya kweli kabisa! Huku jua, kule mvua!"

Wakagonganisha viganja. Watu wakapiga makofi. Hapo sasa, ushahidi umekutana. Ursula peke yake hakupiga.

"Jua ni la kabla ya kuingia," akasema. "Mvua ni ya baada ya kutoka. Hayo ni ya nje, wazee wangu. Mimi nauliza ya ndani."

Ursula akatabasamu, maana alikuwa binti aliyelelewa, akasema isiwe taabu. Alikuwa na filamu. Mwenzake wa chuoni aliipiga kupitia kioo cha mbele cha gari, handaki lilelile, mwanzo mpaka mwisho. Wazee wakae mbele kabisa, waangalie, na wakiona kitu cha kumsaidia dereva wainue mkono. Kumbukumbu ni kama kuku, akasema. Ukimwonyesha banda anarudi mwenyewe.

Likatundikwa shuka jeupe. Milango ya stoo ikafungwa kuzuia jua la saa tisa. Radjabu na Gervasi wakakalishwa bega kwa bega, kama siku ile.

Na Radjabu, lazima tumpe hili, alifurahi. Hatimaye angeliona! Angeona taa, angeona mlango, angekariri kila kitu, na kesho asubuhi angerudi kwenye kiti chake akiwa mkweli kwa mara ya kwanza maishani. Alijifinya paja. Akakodoa macho. Kwenye shuka kukatokea milima yenye theluji, barabara, jua, na tundu jeusi likikaribia, likipanuka. Injini ikanguruma polepole. Chini ya picha, pembeni, ilionekana mikono miwili iliyoshika usukani.

Mikono ya mtu mwingine.

"Makubwa!" Radjabu akasema.

"Makubwa!" Gervasi akasema, papo hapo, akifuta uso.

Kwenye shuka kulikuwa na mvua. Milango ya stoo ilikuwa wazi tayari. Stoo nzima ilikuwa imesimama ikiwatazama, na simu zisizopungua sita zilikuwa zimeelekezwa kwao. Bega la suti ya Gervasi lilikuwa limelowa.

Kicheko kilianzia kwa madereva, maana wao ndio walioelewa. Kikapanda mifuko ya saruji, kikafika kwenye mabati. Mtu alianguka. "Wazee, mmezimika toka mlangoni!" dereva mmoja akapiga kelele, machozi yakimtoka. "Hata taa ya kwanza hamkuiona! Enjeniyeri alisimamisha filamu, akawaita, akaanza upya!"

"Mara mbili," Ursula akasema. Hakucheka. Alikuwa anaandika, na sasa kalamu yake haikufuta. "Mmenisaidia, wazee wangu. Kwenye ripoti nitaandika kwamba abiria si shida, ila dereva wa pili asihesabiwe, maana atakuwa amelala." Kisha akaichukua kofia ya njano, akaivaa mwenyewe.

Nje, nyuma ya stoo, wazee wawili walisimama karibu na pipa la maji bila kuangaliana.

"We ulikuwa macho," Radjabu akasema hatimaye. "Siku ile. Uliniona, ukaninyamazia miaka yote."

"Mi?" Gervasi akageuka. "Mi niliamka kichwa changu kiko juu ya kichwa chako! Nikasema Radjabu ameniona. Miaka thelathini sikanyagi Gitega kwa sababu yako! Binti yangu aliolewa Gitega, sikwenda harusini!"

Watu wema hapo wangekumbatiana. Hawa walikasirika. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa dharau ya kweli, dharau ya mtu aliyegundua kwamba polisi aliyemkimbia maisha yake yote alikuwa mwizi kama yeye, tena mwizi mzembe.

"Hujui hata kulala vizuri," Radjabu akasema. "Unanidondoshea kichwa."

"Na we unadondosha mate."

Wakaachana hapo.

Radjabu alirudi Gitega amelala, na safari hii dereva alimpiga kofi la kutosha. Alipita kwake kubadilisha kanzu. Amisa alikuwa mlangoni na simu ya jirani mkononi, na kwenye simu Radjabu alikuwa amelala.

"Makubwa, Baba Yasmina," Amisa akasema tu, akamwachia njia.

Kesho yake alikwenda mkahawani. Alikuwa amejiandaa kuchekwa. Alikuwa na maneno mawili matatu ya kujitetea, na kama hayakufaa angecheka nao, wiki mbili, watu wangechoka. Alichokuwa hajajiandaa nacho kilikuwa kimekaa kwenye kiti cha dirishani, juu ya mto mwekundu, na viatu vyenye matope.

Alikuwa Kasiano. Habari ilimfikia Bugendana jioni ile, akashika fimbo kabla ya jogoo, akatembea mpaka Gitega. Mtu asiyesema na mtu kwa miaka alikuwa anasema na watu ishirini. Sambusa ilikuwa inapoa mkononi mwake.

"Wote walikoroma," alikuwa anasema. "Kumi na moja! Mi nikajiambia, Kasiano, usilale, angalia kwa niaba ya taifa. Nikaangalia. Yule Radjabu anawadanganya, eti soko. Hakuna soko mle. Mle iko mto!"

"Yoo!" watu wakaitikia. Walewale. Midomo ileile, wazi kwa upana uleule, na Abubakari akamjazia kikombe bila hata kuangalia ni cha nani.

Radjabu akajipenyeza mbele. "We Kasiano! Muongo! We ulijifunika kofia usoni hata basi halijaondoka! Nilikuona!"

Mkahawa ukageuka. Kasiano akanywa chai kwanza.

"Uliniona?"

"Kwa macho yangu!"

"Bon. Ukaendelea kuniona mpaka wapi?"

Jibu la Radjabu lilikuwepo, lakini njia ya kulifikia ilipita palepale alipolala.

"Kofia yenyewe," Kasiano akasema kwa upole, akiwageukia watu, "ilikuwa na tundu."

Watu wakatikisa vichwa. Hapo hakukuwa na swali tena. Kofia ilikuwa na tundu.

Palikuwa na nafasi moja tu iliyobaki, kwenye benchi la mlangoni, pale maji machafu ya jikoni yanapopita. Radjabu alisimama kitambo, kama mtu anayesubiri aitwe. Hakuna aliyemwita. Akakaa. Kasiano aliendelea na mto wake: ulikuwa na samaki, tena wakubwa, tena weupe kwa kukosa jua, na wazungu walikuwa wamejenga daraja ndani kwa ndani. Ulikuwa uongo wa kijinga, uongo wa mkulima wa maharage, usio na ufundi wowote, na Radjabu alijua hivyo kuliko mtu yeyote duniani.

Lakini alikuwa amepita mle mara moja kwa basi na mara tatu kwa shuka, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kulikuwaje. Akalishika benchi kwa mikono miwili, akalisogeza mbele kidogo.

"Na huo mto, Kasiano," akauliza, "unatokea upande wa jua ama upande wa mvua?"